Kifaa cha Mackinnon Road kilichokosa mlezi

Msafiri atokaye Mombasa kuelekea Nairobi, akishapita Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu na Taru, hufika Mackinnon Road akiwa amekwenda chini kidogo ya kilomita 100. Hapo kando ya reli pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, kibarua aliyeletwa kutoka Bara Hindi wakati wa ujenzi wa reli. Inasimuliwa kwamba wenzake walipokuwa wakielemewa na makarai ya kokoto, karai lake yeye lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva wengi husimama, wakaomba dua, wakatoa sadaka na kuendelea na safari. Nami nilisimama hapo wakati wa likizo iliyopita, ingawa sikusimama kwa ajili ya dua. Niliitwa na kijana mmoja niliyepata kumfundisha.

Sisi wanaisimu katika vyuo vikuu vya Kenya hupewa kazi ya kuwafunza wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza stadi za mawasiliano, awe ni mwanafunzi wa sheria, wa kilimo au wa uhandisi. Kijana huyu alikuwa mmoja wa wahandisi hao. Alinipigia simu akaniomba nimsomee maombi ya ruzuku aliyoyaandika, kwa maana alihisi kwamba labda lugha yake ndiyo iliyokuwa ikimponza. Nikamwambia sitayasoma kabla ya kukiona chenyewe anachokiombea.

Alinipeleka nyuma ya karakana moja ya kuchomelea vyuma. Kilikuwa kifaa cha kutoa chumvi katika maji kwa nguvu za jua: sanduku pana, bapa, lililopakwa rangi nyeusi ndani na kufunikwa kwa vioo vilivyolazwa mshazari. Maji ya kisima hutiwa ndani, jua huyapasha moto hadi yakawa mvuke, mvuke hupanda na kugusa kioo, ukageuka matone, na matone hayo huteremka kwenye mfereji mdogo hadi mtungini. Chumvi hubaki chini. Jambo lenyewe ni la kale na mafundi wa nchi nyingi wanalijua. Kwa kawaida kifaa cha namna hii hutoa lita tatu hadi tano kwa siku kwa kila mita mraba ya kioo, na cha kijana huyu, chenye kioo cha mita mraba tano, kilijaza mtungi mmoja wa lita 20 siku ya jua kali. Ubunifu wake yeye ulikuwa katika namna ya kukiunganisha kwa mabati na vyuma vipatikanavyo papo hapo, ili fundi yeyote wa kando ya barabara aweze kukitengeneza na kukikarabati.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na mkokoteni wa maji alisimama. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akatega kikombe kwenye mfereji na kuonja.

"Maji haya ni matamu, mwanangu," akamwambia kijana. "Lakini mbona ni mtungi mmoja tu?"

Hilo ndilo swali la mnunuzi, na ndilo swali ambalo kijana yule hajapata fedha za kulijibu. Kifaa cha kwanza alikijenga kwa zawadi ndogo aliyoishinda katika shindano la wabunifu. Baada ya miezi michache, gundi iliyoshikilia vioo ilianza kupasuka kwa joto na mvuke ukawa unavuja. Alihitaji kujaribu gundi za aina tatu au nne, kila moja kwa miezi kadhaa, na alihitaji kujenga vifaa kama kumi na kuviweka katika nyumba za watu ili ajue nani atakitunza na nani atakigeuza kuwa kitanda cha kuanikia mahindi. Akaenda kwenye mfuko mmoja wa utafiti. Akaambiwa kwamba sayansi yake si mpya, kwa hiyo huo si utafiti tena. Akaenda benki. Akaambiwa kwamba hana wateja wala hesabu za miaka mitatu, kwa hiyo hiyo bado si biashara. Niliyasoma maombi yake yote mawili usiku ule. Kiingereza chake kilikuwa safi. Hapakuwa na kosa la lugha la kusahihisha.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, ndugu msomaji, maana watu wengi wanaozungumzia ufukara wa utafiti wetu huzungumza kana kwamba tatizo ni moja. Yako mawili. Kuna fedha za kutafuta jambo lisilojulikana, na kuna fedha za kulichukua jambo lililokwisha kujulikana na kulifanya litumike nyumbani kwa mtu asiyemjua aliyelibuni. Hizi za kwanza ni haba. Hizi za pili karibu hazipo kabisa. Hata lugha yetu inatoa ushahidi: tunayo maneno ya kugundua, kuvumbua na kubuni, lakini hatua hii ya pili tunaiita "ubiasharishaji", neno linaloukwaza ulimi na ambalo sijawahi kumsikia fundi yeyote akilitamka.

Mackinnon Road yenyewe ina historia ya mambo yaliyoanzwa kwa fedha za watu wengine yakaachwa njiani. Jina lake ni la Sir William Mackinnon, mwenyekiti wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1890 kulima barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Mombasa kuelekea mipaka ya Uganda. Kampuni ikaishiwa na fedha, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikalichukua eneo lote. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waingereza wakaja tena na mpango wa kujenga hapa bohari kubwa mno la vifaa vya jeshi. Ujenzi ukaanza mwaka 1947, na haikuchukua miaka mingi mpango wenyewe ukatupwa. Mwaka 1954, majengo na nyua zile zikawa kambi ya kuwazuilia watu waliokamatwa Nairobi katika msako wa Mau Mau. Fedha zilikuja kwa haja ya aliyezileta, na haja ile ilipokwisha zikaondoka naye.

Lakini haitakuwa haki kudai kwamba kila fedha ya mgeni hupotea hivyo, na ushahidi mkubwa kabisa wa kinyume chake umo humuhumu Kwale. Wasomaji wengi wa Diani, Msambweni na Ukunda wamekua wakiteka maji kwa pampu ya mkono inayoitwa Afridev bila kujua kwamba pampu hiyo, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi za Afrika na nje yake, ililelewa katika vijiji vyao.

Mwaka 1981, mwanzoni mwa muongo ambao Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutenga kwa ajili ya maji na usafi, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia vilianzisha mradi wa kuzipima pampu za mkono. Zilipimwa katika maabara na vijijini, katika nchi 17. Matokeo yalikuwa ya aibu kwa waliozitengeneza. Pampu nyingi zilikuwa za chuma kizito, na zilipoharibika zilihitaji gari lenye winchi na fundi kutoka mjini. Kijiji kilikuwa kikingoja wiki, wakati mwingine miezi, huku akina mama wakirejea kwenye madimbwi. Ikaamuliwa kwamba patafutwe pampu ambayo kijiji chenyewe kitaweza kuitunza.

Wazo la kwanza lilitoka Malawi. Kazi ndefu ya kulifanya wazo hilo liwe pampu kamili ilifanyika hapa Kenya, na uwanja mkuu wa majaribio ukawa pwani ya kusini, Kwale, kwa msaada wa fedha za Sweden na kwa ushirikiano na shirika la Kenya la maji kwa afya, KWAHO, lililozungumza na wanavijiji na kuwafundisha wanawake kuwa watunzaji wa pampu. Sehemu iliundwa, ikapelekwa kijijini, ikavunjika, ikarudishwa kiwandani Nairobi, ikabadilishwa, ikapelekwa tena. Beringi za chuma zikaachwa, zikaja za plastiki ambazo mtu huzibadilisha kwa mkono. Pistoni na vali ya chini zikaundwa ili zivutwe juu kupitia ndani ya bomba, pasiwe na haja ya kung'oa mabomba yote. Spana moja ikawa inatosha kwa kazi nyingi. Mama aliyepewa mafunzo ya siku chache aliweza kuifungua pampu asubuhi, na watu wakateka maji kabla ya adhuhuri.

Mambo matatu katika hadithi hii yanapaswa kutushughulisha. Majaribio yalilipiwa kwa miaka, wala si kwa miezi, na kuvunjika kwa sehemu kulihesabiwa kuwa habari muhimu badala ya kuwa fedheha ya kumnyima mtu awamu ya pili ya fedha. Mnunuzi pia alikuwa anajulikana tangu mwanzo: mradi wa maji wa Kwale ungezichukua pampu hizo kwa wingi, kwa hiyo mwenye kiwanda cha Nairobi hakuogopa kununua kalibu za kumiminia plastiki. Halafu michoro yake haikufungiwa kwa hataza. Ilitolewa kwa umma, na yeyote mwenye uwezo akaruhusiwa kuitengeneza. Jambo hili la mwisho lina uchungu wake. Viwanda vya India vilizitengeneza kwa wingi na kwa bei nafuu, na hakuna senti inayorudi Kwale kwa kila pampu iuzwayo. Mimi sioni kwamba hilo lilikuwa kosa, maana maji ni maji. Lakini naona kwamba Kwale ilitoa visima vyake, mikono ya mama zake na subira ya miaka mingi, na haikubakiwa hata na karakana moja ya kubuni kitu cha pili.

Na cha pili kinahitajika. Afridev huvuta maji kutoka kina cha takriban mita 45. Huko Msambweni, penye mchanga na mawe ya matumbawe, kina hicho chatosha. Huku bara, upande wa Kinango na Mackinnon Road, maji mengi ya chini ama yako mbali zaidi ama yana chumvi. Sihitaji kumtafuta mwanajiolojia anithibitishie, kwa kuwa wahenga waliotangulia waliandika taarifa hiyo katika jina la mahali: Maji ya Chumvi. Wanajiolojia wenyewe walilichukua jina hilo wakayaita matabaka ya miamba ya eneo hili. Misafara ya zamani iliyovuka nyika ya Taru iliishi kwa ngurunga, yaani mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua, na reli ilipokuwa ikijengwa hapa mafundi wake walilazimika kuletewa maji kwa treni. Basi pampu iliyolelewa Kwale haiwafai sana Waduruma wa Kwale hiyohiyo. Kinachowafaa kimelazwa nyuma ya karakana, kinavuja mvuke.

Huenda msomaji akasema kwamba habari za miaka ya 1980 zimepitwa na wakati, kwamba siku hizi wabunifu hujitafutia mitaji sokoni. Natuangalie basi mfano ambao kila Mkenya anaupigia kifua, yaani M-Pesa. Ilizinduliwa Machi 2007. Kabla ya hapo, mfuko wa serikali ya Uingereza uliokuwa ukigharamia majaribio ya huduma za fedha kwa maskini uliipa kampuni ya Vodafone ruzuku iliyokaribia pauni milioni moja, kwa sharti kwamba kampuni nayo itoe chake. Kampuni tajiri kama ile isingekosa pauni milioni moja. Ilichokosa ni sababu ya kuzihatarisha. Majaribio yalianza mwaka 2005, na lengo lilikuwa wakopaji wadogo walipie mikopo yao kwa simu. Katika majaribio hayo ikaonekana kwamba watu walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao kwa shughuli zao wenyewe. Bidhaa ya kweli iligunduliwa ndani ya majaribio. Lau fedha za majaribio zisingekuwapo, pasingegunduliwa kitu.

Na tunao pia mfano wa kinyume. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na wahandisi wetu wakaliunda kweli. Mwaka 1990 magari machache ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani Kasarani, yakitembea kwa nguvu zake yenyewe. Wako wanaolicheka gari lile hadi leo. Mimi silicheki, kwa kuwa wahandisi walifanya walichoagizwa. Kilichokosekana ni fedha za kutoka kwenye gari la maonyesho hadi gari la elfu moja, na mnunuzi wa hayo elfu moja.

Tangu siku hizo tumejipatia sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na wakala wa kitaifa wa ubunifu, na ikaandika kwa maneno yaliyo wazi kwamba hazina hiyo itengewe na serikali kila mwaka fedha zinazolingana na asilimia mbili ya pato la taifa. Ni sheria nzuri kuisoma. Kwa kulinganisha, takwimu za UNESCO za mwaka 2010 zilionyesha kwamba matumizi yote ya utafiti nchini, ya serikali, vyuo, kampuni na wafadhili kwa jumla, yalikuwa kiasi cha asilimia 0.8 ya pato hilo. Takriban asilimia 47 ya fedha hizo zilitoka ng'ambo. Mchango wa kampuni za biashara haukufika asilimia tano. Hazina ya utafiti haijapata kuikaribia ahadi ile ya asilimia mbili, na kila atumiaye maombi huko anajua hivyo.

Hata hivyo sitaki kulia juu ya asilimia mbili. Zikipatikana kesho zote, kwa utaratibu tulio nao, zitaenda mahali zinapokwenda sasa: katika semina, katika safari za makongamano na katika makala. Nasema haya nikijua kwamba najikata mwenyewe. Kupandishwa kwangu cheo kulihesabiwa kwa makala zilizochapishwa, na hakuna fomu iliyopata kuniuliza kama kuna mtu yeyote anayetumia nilichokiandika. Katika taaluma yangu aibu hiyo iko wazi kabisa. Mfumo wa awali wa kompyuta wa kuchanganua maneno ya Kiswahili ulijengwa katika Chuo Kikuu cha Helsinki na Profesa Arvi Hurskainen, tangu miaka ya 1980. Mswahili wa Vanga alisubiri Mfini amtengenezee mashine ya kuelewa viambishi vya lugha yake. Profesa yule hatuna la kumlaumu. Tunalo la kujiuliza sisi.

Wamarekani, ambao wengi huwadhania kuwa wanaliachia soko kila kitu, waliliona pengo hili mapema. Sheria yao ya mwaka 1982 inazilazimisha idara kubwa za serikali kutenga sehemu ya bajeti zao za utafiti kwa kampuni ndogo. Fedha hutolewa kwa hatua. Kwanza hutolewa kidogo, kuthibitisha kwamba jambo linawezekana. Aliyefaulu hupewa zaidi ili atengeneze kitu kamili, na baada ya hapo anaachwa aende sokoni, ambako mara nyingi idara ileile ya serikali huwa mnunuzi wake wa kwanza. Wengi huanguka katika hatua ya kwanza, na hilo limekubaliwa tangu mwanzo.

Nadhani hilo ndilo linalowatisha maafisa wetu, na hofu yao si ya kipuuzi. Katika nchi ambayo fedha za umma zimewahi kupotea kwa miradi hewa, afisa anayesaini ruzuku ya kitu kinachoweza kushindwa anajua atakavyoulizwa na wakaguzi. Tofauti ya kushindwa na kuiba haionekani upesi kwenye karatasi. Lakini inaonekana kwenye karakana. Ruzuku ya hatua ya kwanza ikiwa ndogo, na ya pili ikitolewa tu baada ya mtu kwenda kukiona kifaa, kukionja na kuzungumza na walio nacho nyumbani, nafasi ya mwizi inakuwa finyu. Kinachotakiwa ni afisa mwenye nauli ya kufika Mackinnon Road.

Na mnunuzi wa kwanza ni nani? Tangu mwaka 2013 kila kaunti ina idara yake ya maji na bajeti yake. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na jambo hili ni jema. Lakini zabuni nilizozisoma hutaka mwombaji athibitishe kwamba amewahi kuuza bidhaa ileile kwa miaka kadhaa. Kijana anaruhusiwa kuuza matangi yaliyoagizwa kutoka nje na anazuiwa kuuza kile alichokibuni mwenyewe. Kaunti ya Kwale ikisema kwa maandishi kwamba itanunua vifaa 50 vya kutoa chumvi kwa ajili ya zahanati na shule za bara, mradi vitoe kiasi fulani cha maji na vidumu muda fulani, benki ileile iliyomkataa kijana itamwita kwa simu. Hivyo ndivyo mradi wa maji ulivyokifanyia kiwanda cha Nairobi wakati wa Afridev.

Huko pwani ya kusini kuna ishara kwamba jambo hili linawezekana hata kwa vitu vidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walibuni kidude kinachowekwa ndani ya mpini wa pampu, kikahesabu mwendo wake na kupeleka taarifa kwa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Walipokijaribu Kyuso, huko Kitui, muda wa kungojea matengenezo ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku tatu. Baadaye likazaliwa shirika la matengenezo, FundiFix, linalofanya kazi Kitui na Kwale. Fedha za majaribio, kwa mara nyingine, zilikuwa za Uingereza.

Nilimwandikia kijana barua ya kumtambulisha kwa watu wawili ninaowafahamu Nairobi. Mmoja amejibu, akitaka mpango wa biashara wa miaka mitano. Kijana ameahidi kuuandika, ingawa binamu yake aliyeko Doha amemwambia kuna kazi ya kutengeneza mashine za kupoza hewa, na tikiti inaweza kupatikana. Wiki iliyopita alinipigia simu tena. Mwenye karakana anaihitaji nafasi ile kwa ajili ya kuundia trela, na anataka kujua kifaa kitaondolewa lini.